Tangi la matumbawe nyumbani: kifuniko cha kioo au cha wavu?

Wengi waliofuga samaki wa baharini nyumbani wameionja asubuhi hii. Umeamka alfajiri, unapita sebuleni kwenda kuwasha jiko, mara unaona kitu kidogo kikavu sakafuni karibu na mguu wa meza. Unainama, unakiokota. Ni yule samaki uliyemleta wiki iliyopita, amekauka kama dagaa. Tangi ni zima, maji ni safi, matumbawe yamechanua. Kosa lilikuwa moja tu: juu hapakuwa na kifuniko, au palikuwa na kifuniko chenye mwanya.

Mimi yalinifika hayo. Kesho yake nikaenda kukatiwa kioo, nikafunika tangi lote barabara, nikaona nimemaliza kazi. Ilikuwa msimu wa kaskazi. Baada ya siku chache kipimajoto kilisoma nyuzi 31 za Selsiasi saa tisa alasiri, na matumbawe yakaanza kupauka. Nilikuwa nimeziba tundu moja na kufungua jingine.

Swali la makala haya ni hilo basi: tangi la matumbawe lifunikwe kwa kioo, au kwa wavu? Jibu fupi kwa sisi wa Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu na kwengineko pwani ni kwamba kwa tangi la kawaida la sebuleni, wavu ndio unaofaa. Kioo kina mahali pake, nako tutafika. Lakini wavu una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa maji matamu. Asiyejua hilo ataokoa samaki aharibu matumbawe.

Kwa nini samaki huruka

Samaki wa miambani haruki kwa kutaka kutoroka. Huruka kwa woga. Baharini, akifukuzwa na mkubwa wake, huchupa juu ya maji na kuanguka hatua kadhaa mbele, bado yumo baharini. Ndani ya tangi la futi nne, ruko lile lile humtua kwenye zulia.

Nyakati za hatari zinajulikana. Ya kwanza ni siku chache za mwanzo, kabla mgeni hajapata shimo lake la kulala. Ya pili ni usiku, hasa taa ya chumba inapowashwa ghafla. Ya tatu ni pale samaki mwenye eneo lake anapomfukuza mwenzake. Na ya nne sisi tunaijua vizuri: stima inapopotea ghafla, giza likaingia, kisha ikarudi na taa zote zikawaka kwa mpigo mmoja.

Kuna jamii za samaki ambazo bila kifuniko ni kama umeshazipoteza. Mmoja ni yule mwembamba mwenye mbele nyeupe, nyuma nyekundu, na pezi refu la mgongo lililosimama kama mlingoti, ambaye wataalamu humwita Nemateleotris magnifica. Wengine ni jamii ya Cirrhilabrus, wale wenye rangi kali ambao madume hujionyesha kwa kukimbia mbio karibu na uso wa maji. Wamo pia gobi wa aina nyingi, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa waendao makundi makundi juu ya matumbawe. Wengi kati ya hawa wapo katika bahari yetu wenyewe ya Afrika Mashariki. Mkunga naye harukiruki, lakini hutafuta mwanya, akausukuma kwa kichwa, akapenya.

Kwa hiyo kukaa bila kifuniko si chaguo. Kilichobaki ni kuchagua kati ya vifuniko viwili.

Joto: hesabu inayoamua

Hapa ndipo pwani yetu inapotofautiana na nchi za baridi, ambako vitabu vingi vya ufugaji huu huandikwa. Mfugaji wa Ulaya hupambana kuyapasha maji moto. Sisi twapambana kuyapoza. Matumbawe mengi ya kufugwa hukaa vizuri kati ya nyuzi 24 na 27. Yakikaa muda mrefu kwenye nyuzi 30 na zaidi, huanza kuwatoa nje mwani wadogo wasioonekana kwa macho ambao huishi ndani ya nyama yake na kuyalisha. Yakishawatoa hubaki meupe, na yasiporudiwa na mwani hao hufa. Wavuvi wetu wanakumbuka mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño na matumbawe ya pwani ya Kenya yakageuka meupe eneo kwa eneo. Tangi lililofunikwa vibaya ni 1998 ndogo sebuleni mwako.

Chukua tangi la lita 200. Tuseme pampu zilizomo ndani ya maji zinakula wati 50. Karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Kwa saa 24, joto hilo lingetosha kupandisha maji ya tangi hilo kwa nyuzi 5 hivi, kama lisingekuwa na pa kutokea. Hapo bado hujahesabu taa wala joto la chumba.

Sasa joto hutokaje? Njia kubwa ni mvuke. Lita 1 ya maji ikipaa kwa mvuke huondoka na joto linalotosha kushusha lita 200 kwa nyuzi 3 hivi. Ndiyo maana mtungi wa udongo hupoza maji, na ndiyo maana mtu aliyeloa huhisi baridi akipigwa na upepo. Ili kuondoa joto la pampu zile za wati 50 kwa mvuke peke yake, tangi lazima lipoteze karibu lita 2 kwa siku.

Kioo huizuia kazi hiyo. Mvuke hupanda, hugonga kioo, hugeuka matone na kuanguka tena tangini pamoja na joto lake. Wavu huuachia mvuke uende zake.

Lakini tusidanganyane. Hewa yetu ina unyevunyevu mwingi, na hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke kwa wepesi. Wavu hapa kwetu haupozi maji kama ungalivyopoza kwenye nchi kavu ya bara. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji kupitia wavu husaidia sana, kwa sababu husukuma ile hewa nzito iliyotulia juu ya tangi na kuleta nyingine. Hata hivyo ina kikomo. Wakati wa kusi, chumba chenye upepo mzuri na wavu na feni mara nyingi vinatosha. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Aprili, mwenye matumbawe laini ya gharama atahitaji chila, yaani mashine ya kupozea maji, au chumba chenye eisii. Kwenye eisii hewa huwa kavu, maji hupaa haraka zaidi, na tangi hupoa kwa njia mbili kwa pamoja.

Pumzi ya tangi

Maji ya bahari hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika kidogo zaidi. Katika nyuzi 25 maji ya bahari yaliyoshiba hewa huwa na oksijeni ya karibu miligramu 6.8 kwa lita. Katika nyuzi 30 hushuka hadi karibu 6.2. Kwa hiyo kifuniko kinachoongeza joto hupunguza pumzi papo hapo.

Usiku mambo huzidi. Matumbawe na mwani, ambavyo mchana hutoa oksijeni, usiku navyo hupumua kama samaki. Hewa ya kaboni hujaa majini, na ikikosa pa kutokea hufanya maji yaelekee uchachu. Mwenye tangi la matumbawe hutaka pH ibaki kati ya 8.1 na 8.4, maana chini ya hapo matumbawe hujenga mifupa yake kwa shida. Wavu huacha hewa ibadilishane bila kizuizi. Kioo kilichobana kila upande hufungia hewa ile ile ndani. Aliye na tangi la chini lililo wazi, lenye skima inayovuta hewa ya nje, hataathirika sana kwa hili. Mwenye tangi moja tu lisilo na vikorokoro vingi ataathirika.

Mwanga

Matumbawe hula mwanga kupitia wale mwani waliomo ndani yake. Kioo safi cha kawaida hupunguza mwanga kwa asilimia 8 hadi 10. Hicho si kitu cha kukuhangaisha. Tatizo ni kwamba kioo cha tangi la baharini hakibaki safi. Ndani ya siku chache hushika matone, chumvi na utando wa kijani, na mwanga unaopotea hauonekani kwa macho kwa sababu huongezeka kidogo kidogo. Ukichagua kioo, umejichagulia kazi ya kukifuta kila wiki bila kukosa.

Wavu usio na rangi, wenye nyuzi nyembamba, huzuia mwanga kidogo na hauhitaji kufutwa mara kwa mara. Wavu mweusi huzuia zaidi. Ule waya wa mbu wa madirishani una matundu madogo sana na nyuzi nyingi, kwa hiyo hukata mwanga kwa kiasi kikubwa. Unafaa pale tu ambapo huna kingine, na taa zako zina nguvu.

Gharama ya wavu ni maji

Maji yanapopaa kwa mvuke, chumvi hubaki. Hili ndilo kosa linalowaponza wanaoanza: wanaona maji yamepungua, wanajazia maji ya bahari. Kila ndoo ya maji ya bahari huongeza chumvi juu ya ile iliyobaki. Kilichopotea ni maji matamu, na kinachorudishwa ni maji matamu.

Tazama hesabu. Maji ya bahari huwa na chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita. Tangi la lita 200 likipoteza lita 2 kwa siku na usijazie wiki nzima, chumvi hufika karibu gramu 37.6 kwa lita. Samaki mkubwa huenda akavumilia. Kamba, konokono na matumbawe hawapendi mabadiliko ya namna hiyo, hasa ukija kumwaga lita 14 za maji matamu kwa mkupuo siku ya Jumamosi ili kufidia. Kujazia ni kidogo kidogo kila siku, au kwa chombo cha kujazia chenyewe chenye boya.

Sasa maji yenyewe. Nyumba nyingi za mjini Mombasa hutumia maji ya kisima, na visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe ya kale. Maji yake huwa magumu na mengi yana ladha ya chumvi. Tuseme maji ya kisima chako yana gramu 3 tu za chumvi kwa lita, kiasi ambacho ulimi hukitambua. Ukijazia lita 2 kwa siku, kwa mwezi umeongeza gramu 180 za chumvi tangini, nayo ni karibu gramu 1 kwa kila lita. Zaidi ya hapo, visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo hubeba naitreti, ambayo huotesha mwani juu ya matumbawe.

Kwa hiyo anayechagua wavu apange kabisa maji yake: lita 60 hivi kwa mwezi kwa tangi la lita 200, ambayo ni mitungi 3 ya lita 20 ya maji yaliyochujwa kwa mashine. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi la mabati yaliyopakwa rangi huwasaidia wengine, lakini mvua ya kwanza ya masika iache ioshe paa kwanza. Paa au mfereji wenye shaba usiutumie kabisa. Shaba kidogo tu huua kamba na matumbawe.

Kama nyumbani kwenu maji hupatikana kwa shida hata ya kunywa, hiyo ni sababu ya kweli ya kufikiria kioo, au kufikiria upya kama tangi la matumbawe linakufaa kwa sasa.

Pale kioo kinaposhinda

Kioo, au kifuniko kingine kisicho na matundu, kinafaa katika hali hizi:

- Tangi dogo la karantini au la uangalizi, ambalo samaki mgeni hukaa wiki chache bila matumbawe wala taa kali.
- Chumba chenye eisii ya kudumu, ambako maji hupaa kupita kiasi na joto si tatizo.
- Tangi lenye taa iliyo karibu sana na maji na mapovu mengi, ambako kioo huikinga taa na matone ya chumvi.
- Ndoo au sanduku la kusafirishia samaki kutoka kwa mpiga mbizi hadi nyumbani.
- Pweza. Yeye hupenya popote ambapo mdomo wake mgumu hupenya, na wavu ataung'oa pembeni. Anataka kifuniko kizito chenye kufuli, na kusema kweli anataka bahari, si sebule.

Ipo njia ya kati pia, nayo imewafaa wengi: kioo sehemu ya mbele chini ya taa, na ukanda wa wavu wa upana wa shibiri moja nyuma, palipo na mabomba na feni. Mvuke na hewa hupita nyuma, matone hayaifikii taa mbele.

Ukichagua wavu: namna ya kuutengeneza

Fundi yeyote wa alumini anayetengeneza fremu za waya wa mbu za madirishani anaweza kukutengenezea kifuniko hiki. Mpe maagizo haya:

1. Apime mdomo wa tangi kwa ndani na kwa nje, na fremu ikae juu ya ukingo wa kioo bila kugusa maji. Matangi mengi hayana pembe sawasawa, kwa hiyo apime pande zote nne.

2. Alumini iwe iliyopakwa rangi, na viungo vya pembeni viwe vya plastiki. Misumari ya chuma itashika kutu ndani ya miezi, na kutu hiyo itadondoka majini. Waya wa shaba au wa shaba nyeupe usikubali kamwe.

3. Wavu uwe wa plastiki usio na rangi. Matundu ya milimita 6 yanatosha samaki wengi. Kwa gobi wadogo na wale wembamba, tafuta wa milimita 3. Zile fremu za plastiki zenye miraba mikubwa zinazowekwa chini ya taa za dari hazifai peke yake, kwani samaki mwembamba hupita katikati ya mraba kama mkono ndani ya kikoi.

4. Wavu ukazwe hadi ulie kama ngoma ukiugusa. Wavu uliolegea hushuka katikati, hugusa maji, na samaki anayerukia huweza kunasa mapezi yake.

5. Matundu ya mabomba na nyaya yakatwe kwa kipimo cha bomba lenyewe. Kata kidogo, jaribu, kata tena. Pembeni mwa bomba pazibwe kwa kipande kingine cha wavu kilichofungwa kwa mshipi wa kuvulia.

6. Weka mlango mdogo wa kulishia, wenye kufunga wenyewe. Samaki wengi hupotea si kwa sababu kifuniko hakipo, bali kwa sababu kilifunguliwa wakati wa chakula na kikasahaulika.

Baada ya kufunga, chukua tochi usiku na upitishe mwanga pembeni kote. Palipo na mwanya unaopita kidole cha mwisho, samaki atapaona kabla yako. Usisahau sehemu maji yanaposhukia kwenda tangi la chini. Wavu wa juu hauna maana ikiwa mlango wa nyuma uko wazi.

Ukichagua kioo

Kiwe cha milimita 4 au zaidi, kingo zake zisuguliwe zisikate mkono, na kigawanywe vipande viwili ili kukiinua kusiwe kazi ya watu wawili. Usikibanishe pande zote. Acha mwanya nyuma, kisha uzibe mwanya huo kwa wavu. Plastiki ngumu ya akriliki ni nyepesi na haivunjiki, lakini upande wa chini hunyonya unyevu na wa juu hukauka, basi hujikunja kama ukuti na kuacha mianya pembeni. Kioo hakijikunji.

Weka kipimajoto ndani ya tangi siku zote. Joto likipita nyuzi 28 alasiri, fungua kipande kimoja na uweke wavu badala yake.

Mambo ya nyumba zetu

Stima ikipotea, pampu husimama, na tangi hupumua kwa uso wake tu. Kama una kioo, kiinue mara moja na uweke kitambaa cha neti juu. Kama una wavu, huna la kufanya isipokuwa kuwasha pampu ya hewa ya betri, ambayo kila mwenye tangi la baharini anapaswa kuwa nayo. Taa ziunganishwe na kifaa cha kuzichelewesha au kuziwasha polepole, ili zisiwake ghafla stima inaporudi.

Dawa za mbu za kupuliza ni sumu kali kwa samaki, na kwa kamba na kaa ni kali zaidi. Wavu hauzuii, na kioo huzuia nusu nusu tu, maana pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Chumba chenye tangi kisipulizwe dawa. Laleni ndani ya chandarua. Moshi wa udi na ubani nao uwe mbali na tangi, kwa sababu hiyo hiyo ya pampu.

Paka ni wenyeji wa pwani kama sisi. Paka aliyezoea kulala juu ya kioo chenye joto atajaribu kulala juu ya wavu pia. Kama ana njia ya kufika pale, weka ubao mwembamba wa plastiki katikati ya fremu kuipa nguvu.

Matone ya chumvi yanayopita kwenye wavu hutua ukutani, kwenye nyaya na kwenye soketi. Soketi iwe pembeni, juu kuliko tangi, na kila waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye stima. Futa chumvi hiyo kila wiki kwa kitambaa chenye maji matamu.

Jaribio la siku 7

Kabla ya kumpa fundi pesa, lijaribu tangi lako mwenyewe. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji. Kwa siku 3 funika kwa kipande cha kioo au nailoni nzito. Kwa siku 3 nyingine funika kwa chandarua kilichokazwa kwa mipira. Kila siku andika joto alfajiri na alasiri, na kiasi cha maji matamu ulichojazia ili kuufikia utepe. Siku ya 7 kaa chini usome.

Kama tofauti ya joto alasiri inafika nyuzi 1 au zaidi, na maji ya kujazia unaweza kuyapata, nenda kwenye wavu. Kama tofauti ni ndogo lakini maji yanayopotea ni mengi, chumba chako kina hewa ya kutosha, na ile njia ya kati itakufaa. Kama hata chini ya chandarua joto linapita nyuzi 29, jua tatizo lako si kifuniko. Ni chumba, taa au pampu, na hapo kwanza pa kurekebishwa.

Neno la mwisho

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Samaki wa tangini kwako hakuzaliwa dukani. Mara nyingi ametolewa mwambani na mtu aliyeshikilia wavu mdogo wa mkono chini ya maji, akambembeleza nje ya pango lake mmoja mmoja. Katika mbuga za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, samaki huyo na matumbawe yake haruhusiwi mtu kuwagusa. Nje ya mbuga hutolewa kwa leseni, na matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Yote hiyo ni kwa sababu akiba ya bahari ina mwisho wake.

Aliyechukua kiumbe kutoka katika akiba hiyo na kukileta sebuleni amejitwika deni. Kumkuta amekauka chini ya meza, kwa sababu ya mwanya wa vidole viwili, ni namna mbaya ya kulilipa. Pima, kata, kaza, kisha pitisha tochi usiku.